Mrejesho: bastola ya easofti kwa mazoezi ya shabaha

Wakuu, nawashukuru sana mlionijibu nilipouliza nichague bastola gani ya easofti (bastola ya mfano inayorusha goroli ndogo za plastiki) inayofanana na yangu halisi, ili nifanye mazoezi bila kumaliza risasi za bei kubwa. Nilifuata ushauri wa kuwauliza polisi kwanza, kisha nikachukua ya gesi, ambayo slaidi yake (sehemu ya juu inayoteleza) hurudi nyuma kila inapofyatuliwa, badala ya ile ya springi inayokokiwa kwa mkono kila mara. Kulenga kwangu na kuvuta kifyatuo kwa utulivu kumeimarika mno, na goroli za gramu 0.25 zinanyooka kuliko za 0.20. Kilichoshindikana ni asubuhi za Julai hapa Njiro, Arusha, kwani baridi hupunguza mgandamizo wa gesi na slaidi hairudi kikamilifu. Sasa nafanya mazoezi mchana, nikivaa miwani ya kinga. Teke la bastola hii (msukumo wa kurudi nyuma inapofyatuliwa) ni dogo, hivyo kwa kulizoea teke halisi risasi bado zinahitajika.