Naomba ushauri: kwa nini mvua ya fronti baridi inakatika vipande?

Habari zenu wanajamvi. Nimekwama, naomba wenye uelewa wa hali ya hewa mnisaidie.

Kwenye picha za rada, ukanda mwembamba wa mvua kubwa ulio kwenye fronti baridi, yaani ukingo wa hewa baridi inayosukuma hewa ya joto, huanza ukiwa umenyooka. Baadaye unajipinda kama nyoka, unakatika, na penye mapengo vinaonekana vizunguko vidogo vya upepo. Ninavyoelewa, chanzo ni upepo kubadilika ghafla kati ya upande mmoja wa fronti na mwingine. Eneo hilo la mabadiliko likiwa jembamba linakosa utulivu, na mawimbi yanayokua haraka zaidi huwa na urefu wa karibu mara 8 ya upana wa eneo hilo.

Nimejaribu kupima, ila vipande vinatoka virefu kuliko hesabu. Nimewaza pia kwamba fronti ikivutwa kwa urefu wake mawimbi hudumaa, lakini hilo halielezi mbona mwishowe inakatika.

Je, upana unapimwa kwenye upepo au kwenye mvua yenyewe? Na nitajuaje kama mapengo yameletwa na vizunguko, au na hewa iliyopozwa na matone yanayogeuka mvuke?