Kitabu kimoja, wasomaji arobaini: kikundi cha kusoma kitumiane PDF au kinunue?

MWENYE MADA
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nataka tulitoe hili hadharani maana kikundini kwetu limeshazua maneno, na najua si sisi peke yetu Mombasa hii.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Kila mwisho wa mwezi tunakutana Mji wa Kale. Mtu mmoja huleta kitabu anachokipenda, akatueleza kilichomvutia, kisha wote tunakwenda kukisoma na mwezi unaofuata tunakijadili kwa kahawa tungu na kashata. Zamani kitabu kilizunguka mkono kwa mkono. Siku hizi aliyekileta hajamaliza kusimulia, mtu ashakipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, kishakuwa PDF, kishaingia kwenye kundi la WhatsApp. Watu arobaini, nakala iliyonunuliwa ni moja. Na hao arobaini kila mmoja ana makundi yake.

Rai yangu naitanguliza asije mtu akaniambia nimejificha: kitabu ambacho mwandishi wake yu hai na dukani kipo, tusikipige picha. Tuchange, tununue nakala chache, zizunguke. Kile kisichopatikana tena hicho ndicho cha kuzungumzwa. Kinachonikera hasa ni kwamba tunakaa saa mbili tukimsifu mwandishi, ati fundi, ati hana mfano, na katika sisi sote hakuna aliyempa hata bei ya kikombe kimoja cha hiyo kahawa. Semeni.

MWANAFUNZI WA LIKONI
Mwenye mada, shikamoo, na kwa heshima zote. Mimi ndiye mmoja wa hao wapiga picha, sijifichi. Kwenye feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi, ndiyo maana naweza kuja huko kwenu. Riwaya mpya dukani ni shilingi mia sita, mia saba, nyengine inakaribia elfu. Kwetu hiyo ni sukari na unga. PDF ikikatazwa mimi sitanunua kitabu. Nitaacha kusoma tu. Sasa mwandishi amepata nini? Msomaji amempoteza na pesa pia hakuziona.

MUUZA VITABU
Mwanangu, hilo la "sitanunua hata hivyo" nalisikia kila siku, na wanaolisema si wote wa kutoka Likoni na nauli ya shida. Wako wanaokuja na gari, wanakifungua kitabu mezani kwangu, wanapiga picha jalada, wananiambia "nitarudi". Harudi mtu. Jioni nasikia kitabu kimeshapatikana "kwenye simu".

Halafu mnadhani fotokopi ni rahisi. Kitabu cha kurasa 180, ukitoa kurasa mbili kwa karatasi moja, ni karatasi 90. Kwa shilingi tano ni 450, hujatia waya wa kukifunga. Mtu analipa 450 kwa kitu kinachofifia wino na kuachia karatasi, amwache mwandishi na mimi tukiangaliana, ili aokoe shilingi mia mbili hivi.

MPITA NJIA
Mbona hakuna anayeigusa serikali? Mpaka 2013 vitabu havikuwa na VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Sheria ya mwaka huo ndiyo iliyoleta asilimia 16. Kitabu cha 600 kinaongezewa 96 kabla hujakifungua. Mnagombana nyinyi kwa nyinyi na aliyepandisha bei amekaa kando.

BI WA KIBOKONI
Nyote mwazungumza pesa. Mimi nina langu la usomaji wenyewe. Mwezi ule tulioletewa diwani, wengi tulisoma hizo picha za simu. Aliyepiga alikishika kitabu kwa mkono wa kushoto na dole gumba lake likalala juu ya utao, ile nusu ya pili, wa mshororo wa tatu na wa nne. Kina cha mwisho hakionekani! Tukabishana, huyu anasema linaishia kwa -nda, huyu -ndo, mwengine anatuletea falsafa nzima iliyosimama juu ya neno ambalo hakuliona. Mpaka mwenye kitabu akakitoa mkobani, tukakuta si -nda wala -ndo. Ubeti ukageuka maana mzima.

Shairi lililokatwa kina si shairi tena. Waliotangulia walikuwa wakilinakili kwa mkono, lakini aliyenakili alikuwa akijua mizani. Akikosea anahisi kwenye ulimi.

MWANAFUNZI WA LIKONI
Bi, lile dole si langu, naapa. Lakini umenipa hoja. Umesema mwenyewe waliotangulia walikuwa wakinakili. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa hii, zingetufikia vipi? Muyaka amefariki 1840 hivi, kitabu cha tungo zake kikachapishwa 1940. Miaka mia katikati, nani alizibeba? Ni watu waliozihifadhi kichwani, na Mwalimu Sikujua aliyekusanya pamoja na mmishonari Taylor. Hakuna aliyemuuliza mwenzake risiti. Pwani hii elimu imepita kwa kunakiliwa tangu zamani, leo simu ndiyo kalamu yetu.

MAALIM
Wallahi umesema vizuri, kijana, ila umechanganya mambo mawili.

Muyaka alitunga akitupa barazani na sokoni, watu wakadaka. Hakuwa akila kwa mrabaha, fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu. Na tuchukue mwengine wa mji huu huu, Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa siri bila bei, na mwenyewe ndivyo alivyotaka. Akafungwa kwa ajili yake, 1969 mpaka 1972. Gerezani akatunga mashairi, akayaandika kwa kificho kwenye karatasi za chooni, na yalipotoka yakachapishwa na Oxford 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mtu ni mmoja. Waraka aliugawa mwenyewe, diwani akaipeleka kwa mchapishaji iuzwe. Kugawa ni kwake yeye aliyetunga. Wewe na mimi hatuna mamlaka ya kumgawia.

Kwa upande wa dini, wako waliokuwa wakisema elimu haiuzwi. Hao nawaheshimu. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lilipokaa Kuwait 1988 lilikata kuwa haki ya mtunzi juu ya utunzi wake ni haki yenye thamani ya mali, na haifai kuivamia. Hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja husamehewa na mwenyewe mja.

MWANAFUNZI WA LIKONI
Sawa, maalim. Basi nihesabieni. Mikataba mingi humpa mwandishi kama asilimia 10. Kitabu cha 600, yake ni 60. Mimi niko tayari nimtumie hiyo 60 kwa M-Pesa leo hii, moja kwa moja, tusipitie kwa mchapishaji wala duka. Haki ya mja nimeilipa?

MUUZA VITABU
Na aliyesahihisha mswada? Na aliyekipanga, aliyechora jalada, aliyelipa kiwanda cha chapa kabla hata nakala moja haijauzwa? Nao si waja?

MWENYE MADA
Hiyo ya M-Pesa, mwanangu, ni hoja nzuri na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hakuna aliyeitenda. PDF zimepita kikundini kwetu vitabu na vitabu. Aliyetafuta nambari ya mwandishi ni nani? Tukianza kusema "ningemlipa mwenyewe", tuanze na kulipa kwanza. La sivyo ni maneno ya kujisafishia nafsi tu.

WAKILI ASIYETOZA ADA
Niingie kidogo, maana naona sheria haijaguswa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya 2001. Inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na habari, mradi matumizi yawe ya haki na umtaje mwenyewe. Kwa hivyo kupiga picha kurasa mbili tatu mzijadili Jumamosi, hakuna wa kukusumbua. Kitabu kizima kwa watu arobaini si "binafsi", hata kikundi mkiite familia. Kwa taasisi kuna KOPIKEN, inayokusanya ada za fotokopi kwa niaba ya waandishi na wachapishaji.

Lakini, na hapa mwenye mada asikie, ulinzi huo una mwisho: miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu ya hapa, aliyoyachapisha uhaini wake, Kusadikika ya 1951 kwa mfano, yamekuwa huru tangu kuingia 2013. Huyo mchapeni, mpigeni picha, msomeni kwa sauti kwenye matatu mkitaka. Angalieni tu msinakili dibaji na maelezo ya mhariri wa juzi, hayo yana mwenyewe.

MPITA NJIA
"Uhaini wake"? Wakili, Shaaban Robert hakuwa mhaini!

WAKILI ASIYETOZA ADA
Uhai wake. Simu hii. Samahani kwa marehemu.

MAMA WA TUDOR
Nami nisikizwe. Macho yangu yameharibika, sukari. Kitabu cha karatasi sikisomi tena, hata kwa miwani. PDF naikuza mpaka herufi moja inajaa nusu ya kioo, nikichoka mjukuu anaiweka isomwe na sauti ya simu. Ninyi mkisema tununue nakala tano zizunguke, mimi mmeshanitoa kikundini, na mimi ni katika walioanza.

WAKILI ASIYETOZA ADA
Mama, shikamoo. Wewe uko kwenye haki yako. Kuna Mkataba wa Marrakesh, ulipitishwa 2013 na Kenya ikajiunga 2017, na shabaha yake ni hiyo hasa: asiyeweza kusoma maandishi ya kawaida atengenezewe nakala anayoiweza, bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki. Yako wewe isizuiwe. Ila ikae kwako, isiwe mlango wa wenye macho mazima.

BI WA KIBOKONI
Mama wa Tudor, mimi nitakuja kukusomea Alhamisi, PDF au pasi na PDF. Na utakuwa unasikia vina vyote.

MWALIMU WA SEKONDARI
Naona kuna jambo tumelikimbia. Mnasema "dukani kipo". Ingieni maduka mengi ya vitabu mjini, muone rafu. Vitabu vya shule vya darasa hili na lile, vya kutahiniwa, mazoezi ya mtihani. Kitabu kikitoka kwenye orodha ya kutahiniwa kinaanza kupotea, maana mchapishaji anafuata soko na soko ni shule. Diwani za malenga wa Mvita, yaani Mombasa yetu hii, ndiyo kabisa. Utaulizia, muuzaji anakutazama kama umeulizia dawa ya mchawi. Sasa kikundi cha kusoma kinachopenda vitabu vya zamani kifanye nini? Kwa vitabu hivyo namuunga mkono kijana wa Likoni, na sioni haya. Kisichochapishwa tena, asiyekinakili ndiye anayekiua.

MUUZA VITABU
Mwalimu, rafu iko vile kwa sababu ninyi mwanunua vya mtihani tu. Niletee watu kumi waseme wanataka diwani fulani, walipe nusu mbele, nitampigia mchapishaji. Mchapishaji akisikia "kumi" hatawasha mtambo, ni kweli. Vikundi vinne vya Mombasa vikiagiza pamoja, hapo tunazungumza lugha nyengine.

MWENYE MADA
Hapo muuza vitabu kanisogeza. Basi nairekebisha rai yangu, nanyi mniambie inapovuja. Cha mwandishi aliye hai na kinachouzwa, tunachanga 150 kila mtu anayeweza, zinunuliwe nakala. Hata wakichanga ishirini ni 3,000, kwa 600 ni nakala tano, mwezi mzima zinazunguka, mwisho zinabaki kuwa maktaba ya kikundi. Asiyeweza hachangi na haulizwi. Waliokwisha muda wa hakimiliki, kama Shaaban Robert, PDF ruhusa. Mama wa Tudor na aliye kama yeye, PDF ruhusa. Kilichopotea sokoni, tunamwandikia mchapishaji kwanza, na mwandishi kama yupo. Tukikosa jibu tunarudi hapa kubishana upya, maana hilo sijalimaliza moyoni na mwalimu ameniyumbisha.

Lakini kuna moja silegezi. Kitabu kilichozinduliwa mwaka huu, mwandishi wake ni jirani yetu, tunakutana naye Marikiti akinunua nazi, kisionekane kwenye kundi letu kikiwa na kivuli cha simu juu yake.

MAALIM
Hapo nakubaliana nawe. Ila nakala tano kwa watu arobaini, mwezi mmoja, kila mtu anapata siku tatu na ushei. Umeshafikiria hilo?

MWENYE MADA
Si wote arobaini wanaosoma, maalim. Hilo nalo ni siri ya kila kikundi.

MWANAFUNZI WA LIKONI
Hahaha, hapo umenena. Mimi nasoma zote, kwa hiyo nataka niwe wa kwanza kwenye foleni. 150 nitaleta mwisho wa mwezi huu, nitaitoa kwenye vibarua. Zile PDF zilizomo simuni sizifuti. Mtakaotaka kuzifuta za kwenu, fanyeni kwanza nione.