Huyu mtu wa gari la kunyonya vyoo leo kanimaliza

Wadau, naandika mikono bado inatetemeka. Simtaji. Mkazi yeyote wa Ipogolo, hapa Iringa, anamjua, na honi yake ile ya ng'ombe anayezaa.

Asubuhi nimemkuta kapaki juu ya bustani yangu ya chainizi, mpira kautumbukiza mtaroni, anamwaga mzigo wa watu mchana kweupe. Mtaro huohuo unaoshuka mto Ruaha Mdogo! Nikamwambia kwa adabu, baba, mabwawa ya majitaka si yapo? Akacheka. "Bi mkubwa, hiyo mbolea ya bure." Halafu akanirushia MIA TANO. "Kanunue sabuni."

Mia tano, jamani! Mimi mwenye wajukuu! Harufu saa hizi imeshafika Mtera, samaki wanapiga chafya, na yeye ananirushia mia tano kupitia dirishani bila hata kuzima gari. Ingekuwa elfu kumi ningejua kuna mtu anaomba radhi. Mia tano!

Kijiko cha Ulanzi: Pole mama. Swali dogo tu: uliiokota?

Mboga Mbichi (mwenye uzi): Ndicho ulichokiona kwenye uzi wote?

Kijiko cha Ulanzi: Jibu swali.

Mnyalu Baridi: Kaiokota huyu 😂 Kipande cha sabuni ya mche kwa mia tano kipo, Mlandege.

Fundi Chemba: Acheni utani, jamaa kakosea sana. Yale mabwawa hayakuchimbwa kwa urembo. La kwanza lina kina kirefu: tope linazama, bakteria wasiotaka hewa wanalila taratibu. La pili mnaliona kijani, huo ni mwani; unapata jua, unatoa oksijeni, bakteria wengine wanamalizia uchafu uliobaki. Ya mwisho yana kina kifupi, jua linachoma vimelea vya kuhara na kipindupindu, na mayai ya minyoo yameshabaki chini kwenye tope. Hapo ndipo maji yanaachiwa kwenda mtoni, na kiwango cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kula uchafu uliomo majini, kisizidi miligramu 30 kwa lita. Mzigo wa chooni unatoka na maelfu. Ukiumwaga mtoni hivyo hivyo, bakteria wanamaliza oksijeni, samaki wanakata pumzi. Na anayechota maji huko chini anakunywa choo chenu.

Mboga Mbichi: Ahsante mwanangu, wewe umelelewa. Sasa niambie, mtu na akili zake anarusha mia tano?

Mnyalu Baridi: Fundi kaandika somo zima, mama bado yuko kwenye mia tano 😂😂

Dada wa Kihesa: Anakwepa ada ya kumwaga kule mabwawani, hakuna lingine. Ila na sisi tunapenda vya bei chee. Ukimwita hujamuuliza anakwenda kumwaga wapi, unataka shimo liwe tupu basi.

Mboga Mbichi: Dada, mimi simwiti, choo changu hakijajaa.

Kijiko cha Ulanzi: Hajajibu bado. Naweka kambi.

Mvua ya Rungwe: Boza moja mnafungua uzi? Huku Mbeya mvua kubwa ikianza kuna majirani wanatapisha vyoo vyao usiku, asubuhi mnarukaruka barabarani kama mnacheza rede. Hakuna dereva, hakuna honi, hakuna hata mia tano.

Mnyalu Baridi: Wa Mbeya lazima mshindane hata kwenye kinyesi.

Mvua ya Rungwe: Nyie wa Iringa mna nini zaidi ya vumbi na baridi? Hata viazi mnakuja kununua kwetu.

Kiazi Mviringo: Mmegusa kidonda. Jana nimeuza viazi Uyole, mnunuzi kaja na gunia limeshonewa kofia juu, lumbesa ya kumkalisha mtu chini, analipa bei ya gunia moja. Nikitaja mizani ananiambia niile.

Dada wa Kihesa: Lumbesa si ilishapigwa marufuku?

Kiazi Mviringo: Imepigwa marufuku redioni. Shambani ipo. Na huyo mnunuzi mnamjua, ana fuso jekundu.

Mvua ya Rungwe: Yule mwenye mwanya? Fungua uzi wake mkuu, nina ya kwangu.