Combinations ya Python inarudia majibu yale yale, na wanaotufundisha hawasemi!

Wadau, leo nina hasira na sitaificha.

Nimekabidhiwa programu ya keshia ya duka moja la jumla hapa Mombasa. Wenye duka wanalalamika kwamba jioni wakifunga hesabu kompyuta inaganda. Kazi yenyewe ni ndogo: programu iangalie noti zilizomo kwenye droo, itafute mafungu ya noti kumi kumi yanayofikia kiasi fulani cha kupeleka benki. Nafungua msimbo, nakuta mstari mmoja: combinations(noti, 10) kutoka itertools, maktaba inayokuja na lugha ya Python yenyewe, yaani nipe kila fungu la noti kumi, kisha kila fungu linajumlishwa. Aliyeandika simlaumu. Aliandika vile vile tunavyofundishwa kwenye video zetu za Kiswahili, kwamba fanksheni hii inakupa makundi yote bila marudio.

Si kweli! Inarudia, tena vibaya sana.

Chukua droo ndogo yenye noti tatu za 100, mbili za 200 na moja ya 500. Iambie ikutolee mafungu ya noti tatu tatu. Utapata mistari 20. Sasa kaa chini uisome: fungu la 100, 100, 200 limetokea mara sita. La 100, 200, 500 nalo mara sita. Ukiondoa marudio, majibu ya kweli ni 6 tu. Sababu ni kwamba fanksheni haitazami thamani ya kitu, inatazama nafasi yake kwenye orodha. Kwake noti ya 100 iliyokaa ya kwanza na ya 100 iliyokaa ya pili ni vitu viwili tofauti. Keshia gani duniani anahesabu hivyo?

Na hiyo ni droo ya noti sita. Weka droo ya jioni yenye noti 40, nane nane za 50, 100, 200, 500 na 1000. Mafungu ya noti kumi yanayotolewa ni 847,660,528. Yaliyo tofauti kweli ni 976. Rudieni kusoma hapo! Kompyuta ya watu inachemka kupitia mafungu zaidi ya milioni mia nane ili kutoa majibu yasiyofika elfu moja. Na ukiyafunga yote ndani ya list(), yaani orodha moja, unahitaji zaidi ya gigabaiti 100 za memori.

Najua kuna atakayekuja mbio kuniambia "weka set() tu", ile inayoondoa vinavyofanana. Ndugu yangu, set() inachuja baada ya kazi kufanyika. Mafungu yote hayo yatazalishwa kwanza, moja moja, ndipo yatupwe. Tena orodha isipopangwa, hata kuchuja hakuchuji: ipe combinations [100, 200, 100] kwa mbili mbili, itakupa (100, 200) na pia (200, 100), na set() itayahesabu kuwa mawili. Mwingine ataleta combinations_with_replacement, inayoruhusu kitu kimoja kuchaguliwa tena na tena. Hiyo nayo inachota bila kujali droo ina nini. Kwa ile droo ndogo, ukiipa aina tatu za noti, inatoa mafungu 10, na manne kati yake hayawezekani, likiwemo la 500 tatu wakati 500 ni moja tu!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili lina jibu la siku nyingi. Lugha ya C++ tangu 1998 ina next_permutation, fanksheni inayotoa mpangilio unaofuata wa orodha, na ukiipa orodha iliyopangwa yenye vitu vinavyofanana, inakupa mipangilio tofauti tu, hairudii hata mmoja. Python ilileta combinations kwenye toleo la 2.6 mwaka 2008. Tangu hapo itertools imeongezewa fanksheni nyingine kama pairwise na batched, lakini ya kutoa mafungu kwa thamani, hakuna. Ipo distinct_combinations kwenye more_itertools, na inafanya kazi, lakini hiyo ni maktaba ya kusakinisha kando, na anayeanza ataijuaje kama hakuna anayeitaja? Ndiyo, maelezo rasmi yanasema wazi kwamba vitu hutofautishwa kwa nafasi. Sentensi hiyo wangapi wameifikia? Kuandika onyo hakuzuii kompyuta ya duka kuganda.

Mimi nimeufuta ule mstari. Nimehesabu kwanza kila aina ya noti ziko ngapi, kisha fanksheni inapita aina moja baada ya nyingine: za 1000 nichukue ngapi, sifuri hadi nane, zilizobaki zitoke za 500, na kuendelea. Kiasi kikipitwa njiani, inakata tawi hilo papo hapo. Jibu linatoka kabla keshia hajainua kidole kwenye kibonyezo.

Kwa hiyo nyinyi wenye chaneli za kufundisha Python, nawaomba kwa hasira hii hii: acheni kuonyesha mfano wa [1, 2, 3] peke yake. Hapo hakuna kinachofanana, lazima kila kitu kionekane sawa. Wekeni [100, 100, 200] kwa mbili mbili kwenye skrini, bonyezeni Enter, na mwacheni mwanafunzi aone (100, 200) ikitoka mara mbili. Na kama kuna mtu hapa anajua utaratibu wa kupeleka pendekezo la kuongeza fanksheni hii kwenye itertools yenyewe, aje aseme. Maelezo na mifano nitaandika mimi.