Nataka kuacha kazi nikaishi kijumba cha porini kama Thoreau yule mwandishi wa Marekani, naombeni ushauri

mkaa_ughaibuni: Wakuu habari. Nipo Massachusetts mwaka wa sita, nabeba boksi, shifti ya usiku. Juzi nikapita ziwa la Walden Pond pale Concord, wameweka mfano wa kijumba cha Thoreau, kitanda, meza, jiko la kuni, viti vitatu basi. Tangu siku hiyo usingizi sina. Jamaa 1845 kajenga kwa dola 28 na senti kidogo, kalima maharage, kajitambua. Mimi najua ratiba ya shifti tu. Nataka nikakodi kijumba New Hampshire, nianzie wapi?

kiazi_mviringo: Anza na jiko. Mimi Makete mwezi wa saba nililala na viatu, asubuhi maji kwenye ndoo yana ngozi ya barafu, toka hapo mtu akiniambia utulivu namwuliza kwanza blanketi ngapi

mama_wawili: Mdogo wangu una familia?

mkaa_ughaibuni: Dada hilo tuliweke pembeni, mada ni falsafa

mama_wawili: Jibu.

mkaa_ughaibuni: Mke na mtoto wapo Tanga. Na barua ya kuacha kazi nilishapeleka Ijumaa. Ila hela nitatuma, nitapunguza tu, na wao wakizoea kidogo watajitambua pia

mama_wawili: Wajitambue kwa njaa???

mzee_wa_maktaba: Kijana, Thoreau hakuwa na mke wala mtoto. Kiwanja ni cha rafiki yake Emerson, kwa mama yake anafika kwa miguu, na 1847 akaondoka zake. Wewe msome Bronson Alcott, mwanafalsafa wa enzi hizo hizo. 1843 kabeba mke na mabinti wanne kwenda Fruitlands, shamba la kuishi kijumuiya, nyama marufuku, maziwa marufuku, hata pamba hawavai kwa sababu ya utumwa. Wanaume wakajadili roho, kazi za nyumba zikamwangukia mkewe. Miezi kama saba, baridi na njaa, wakatawanyika.

mlokole_halisi: Mkifika huko mnaacha kusali, ndo haya

ndimu_kali: Wakuu mnapigwa chai. Huyu huyu mwezi jana kafungua uzi anauza Passo ipo Tabata, "njoo uikague ofisini kwangu"

mkaa_ughaibuni: Gari la shemeji hilo, nilimsaidia kutangaza

ndimu_kali: Shemeji anajua umeacha kazi?

mkaa_ughaibuni: Sijamwambia mtu bado

kiazi_mviringo: Hiyo Passo bado ipo?

mkaa_ughaibuni: Ipo mkuu, bei inaongeleka. Njoo PM