Tupeane uzoefu: jioni uliyotoka kuwinda karibu na nyumbani ukarudi na kitoweo

Meku wa Kahe: Jana nimenusa nyamapori jikoni kwa shemeji (ya bucha, msianze), nikamkumbuka baba mdogo. 1987, Kahe. Yeye na bunduki yake, kibali mfukoni. Tumetoka saa kumi na moja jioni, hata nusu saa hatukutembea, tukajibanza vichakani kando ya mto, upepo unatupiga usoni. Giza linaanza kuingia, pongo dume huyo. Anaweka mguu, anasimama, anasikiliza, anaweka mwingine. Paa! Chini. Mimi wa darasa la tano nikachomoka kwenda kumshika mguu. Baba mdogo anafoka, "Rudi wewe!" Nani anasikia? Mnyama kainuka! Pembe ikapita hapa pajani, ikaondoka na mfuko mzima wa kaptula ya shule. Nilikojoa, sifichi. Baba mdogo akammaliza, akanizaba kofi, ndipo akaanza kucheka. Saa mbili usiku maini yako kwenye jani la mgomba, mama anauliza kaptula imefanywa nini.

Ngarenaro Kwetu: Pongo aliyejeruhiwa ni wa kumwogopa. Umepona, mangi.

Binti Machame: Shikamoo Meku. Sisi tulimsikia akibweka usiku, mbwa wetu wanamjibu. Mpaka naolewa nilijua ni mbwa wa jirani 😂

Wakili Kijiweni: Mnajianika. Sheria ya wanyamapori ya 2009 haina utani, hata digidigi mmoja bila leseni ni kesi.

Meku wa Kahe: KIBALI MFUKONI. Halafu 1987 na 2009 wapi na wapi?

Wakili Kijiweni: Ya 1974 ilikuwepo.

Meku wa Kahe: Na kibali kilikuwepo!

Longido Juu: Digidigi mtafute chooni kwake. Wanakunya palepale kila siku, dume na jike lake.

Mama Wisconsin: Huku Marekani paa wenye mkia mweupe wanamaliza maua yangu. Novemba mume wangu kakata leseni, kapanda mti nyuma ya nyumba, jioni moja tu kapata. Kumburuta ndiyo ilikuwa kazi. Maini nayafanyaje?

Binti Machame: Loweka kwenye maziwa.

Ngarenaro Kwetu: Maziwa ya nini dada? Chumvi na moto, basi.

Longido Juu: Shemeji ameshashuka kwenye mti lakini?

Binti Machame: Meku, turudi kwenye kaptula.

Meku wa Kahe: Ilishonwa kiraka. Ule mfuko ulikuwa na shilingi tano.