Mrejesho: Nilivyoanza kujifunza Kiojibwe

Ndugu zangu, miezi minne iliyopita niliwauliza nianzie wapi kujifunza Kiojibwe, lugha ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, nikiwa naishi Duluth, Minnesota, nchini Marekani, bila mwalimu. Nawashukuru kwa dhati. Nilifuata ushauri wa kuacha orodha za maneno na kusikiliza kwanza sauti za wazungumzaji katika kamusi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, inayopatikana bure mtandaoni, na hapo ndipo nilipotambua kwamba aa, ii na oo huandikwa hivyo kwa sababu huvutwa. Aliyenikumbusha ngeli zetu alinisaidia kuliko wote: jiwe, asin, lina uhai kisarufi, kwa hiyo husemwa niwaabamaa asin, "naliona jiwe", ilhali mtumbwi hauna uhai, nao husemwa niwaabandaan jiimaan. Kujirekodi kila usiku hakukunifaa, kwani nilikuwa nakariri makosa yangu mpaka bibi mmoja Mwojibwe aliponisahihisha kwa upole. Mazungumzo ya kasi bado yananipita, na kutofautisha watu wawili wa nafsi ya tatu katika sentensi moja sijakuweza. Hata hivyo, sasa namwamkia bibi huyo boozhoo, naye hunijibu kwa Kiojibwe. Miigwech, yaani asanteni sana.